Nomino zinazohesabika na zisizohesabika kwenye Kiingereza cha kila siku: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Ukiandika "Thank you for your informations" utaeleweka vizuri tu, hakuna atakayepoteza maana, ila msomaji anayekijua Kiingereza ataliona kosa kabla hata hajamaliza mstari. Na makosa ya aina hii hayaishi kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kanuni mbovu tangu mwanzo, ile ya kwamba kitu unachoweza kukihesabu kwa vidole basi kinahesabika na usichoweza basi hakihesabiki. Haya, pesa je? Pesa watu wanazihesabu kutwa nzima, benki wana mashine kabisa ya kuzihesabu, lakini neno "money" halihesabiki. Viti vinne na meza viko mbele ya macho yako lakini "furniture" haihesabiki. Halafu "idea" ambayo hujawahi kuishika wala kuiona inahesabika bila shida, "two ideas", "many ideas".

Kwahiyo kanuni ya vidole itupe. Kwenye Kiingereza kinachohesabika au kutohesabika ni neno, sio kitu chenyewe. Ukilishika hilo nusu ya kazi imeisha, iliyobaki ni kujua kila neno linatembea na nani.

Hatua ya 1: Jua neno lako liko upande gani

Jaribio la haraka ni kuweka "two" mbele na s nyuma halafu usikilize. "Two chairs", inakubali. "Two furnitures", inakataa. Tatizo ni kwamba sikio la mtu anayejifunza bado halijui kukataa, kila kitu kinasikika sawa tu, ndo maana mwanzoni usiliamini sana, fungua kamusi. Kamusi za wanaojifunza Kiingereza, za Oxford, Cambridge na Longman kwa mfano, zina herufi ndogo pembeni ya nomino nyingi, C maana yake linahesabika, U maana yake halihesabiki, na nyingine zinaandika neno zima, "countable" au "uncountable". Zote zipo bure mtandaoni. Watu wengi wanaangalia maana tu wanafunga, hiyo herufi wanairuka, na ndo ingewaokoa.

Kuna makundi mawili ya maneno yanayotusumbua zaidi.

La kwanza ni majina ya jumla, yale yanayokusanya vitu vingi chini ya jina moja. "Furniture" ndani yake kuna "chair" na "table". "Luggage" ndani yake kuna "bag" na "suitcase". "Equipment", "jewellery", "clothing", "machinery", "traffic", "software", "homework", "vocabulary", yote tabia ni hiyohiyo, jina la jumla halihesabiki ila kile kimoja kimoja kilichomo ndani kinahesabika. Ukitaka kuhesabu shuka ngazi moja: sio "three softwares", sema "three programs" au "three apps", sio "many homeworks", sema "many assignments", sio "new vocabularies", sema "new words". Hapa Kiswahili chetu kinatuponza, maana sisi tuna mizigo, vifaa, nywele, tumezoea wingi, ukifika kwenye Kiingereza mkono unajiandikia wenyewe "luggages" na "equipments". Ila usiifanye hii kuwa sheria ya chuma, "vegetable" na "vehicle" nayo ni majina ya jumla na yanahesabika vizuri tu.

Kundi la pili ni mambo ya kichwani na ya hali: "information", "advice", "news", "knowledge", "progress", "research", "evidence", "permission", "luck", "fun", "weather", "work", "traffic" tena, "feedback". Haya hayana ujanja, kariri. "Accommodation" Waingereza hawaiongezei s, Wamarekani wanaiongezea kawaida tu, kwahiyo ukiona "accommodations" kwenye tovuti ya hoteli ya Marekani usishtuke. "Researches" na "behaviours" utazikuta kwenye maandishi ya kitaaluma, ila kwenye imeili ya kawaida baki na umoja.

Na usitafute mantiki sana kwenye haya mambo, hayana. Hata wenye lugha yao wamebadilisha mawazo njiani: zamani walikuwa na neno "pease", halihesabiki, kama "rice" ilivyo leo, baadae watu wakaisikia ile sauti ya mwisho wakadhani ni s ya wingi, wakaikata, ndo "pea" na "peas" zikazaliwa. "News" nayo enzi za Shakespeare ilikuwa inaweza kuchukuliwa kama wingi, leo ni umoja moja kwa moja.

Hatua ya 2: Usiache nomino inayohesabika ikiwa uchi

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote humu ndani na ndo inafundishwa kidogo kuliko zote. Kila mtu anakimbilia "much" na "many", wakati kosa linalotokea kwenye kila sentensi ya tatu ni hili: "I have car", "She is teacher", "I am looking for job", "Send me message".

Kiswahili hakina "a" wala "the", tunasema nina gari, basi. Kiingereza hakiruhusu. Nomino inayohesabika ikiwa kwenye umoja lazima iwe na kitu mbele yake, iwe "a", "an", "the", "my", "this", "one", "each", "every", "another", chochote kati ya hivyo, ila peke yake haisimami. "I have a car." "She is a teacher." "I am looking for a job." Ikiwa wingi inaweza kusimama yenyewe, "I like cars". Isiyohesabika nayo inasimama yenyewe bila shida, "I need help", "We need information", "Good luck".

Na kinyume chake ni marufuku: isiyohesabika haipokei "a" wala "an". Sio "an advice", sio "a good news", sio "a homework". Watu wanadanganywa na kivumishi, wakiona "good" katikati wanadhani "a" imeruhusiwa, hapana, "a" inaangalia nomino na sio kivumishi. Linganisha "What a beautiful day!" na "What beautiful weather!" Hali ni moja, siku ni ileile, ila "day" inahesabika na "weather" haihesabiki. Vilevile "I found a good job" na "I found good work", "We had a long journey" na "I enjoy travel". "Job" na "work" zinakaa jirani sana kimaana, ndo maana zinachanganya: kazi kama ajira ni "a job", kazi kama shughuli ni "work" bila "a", "I have a lot of work today".

Kuchagua "a" au "an" ni suala la sauti, tahajia haihusiki: "an hour" kwa sababu h haisikiki, "a university" kwa sababu inaanza na sauti ya y. Tusonge.

Kuna vifungu vya kudumu ambavyo vinavunja sheria hii na vinatumika kila siku, "by bus", "on foot", "go to bed", "at school", "face to face", "day by day". Hivyo vichukue kama vilivyo. Ukiongeza neno katikati sheria inarudi: "I came by bus" ila "I came on an old bus".

Hatua ya 3: Chagua neno sahihi la kiasi

Zinazohesabika zinachukua "many", "few", "a few", "several", "both", "a number of". Zisizohesabika zinachukua "much", "little", "a little", "an amount of". Hiyo unaijua, ila kuna mambo matatu ambayo vitabu vya shule vinayapita haraka.

Moja, "much" kwenye sentensi ya kukubali inasikika kama hotuba. Grammar haina tatizo ila hakuna anayeongea hivyo, "I have much work" inakwaruza sikio. Watu wanasema "I have a lot of work". "Much" iache kwenye maswali na kukanusha, "How much time do we have?", "There isn't much time", au ikiwa na "too" na "so", "too much noise". Uzuri wa "a lot of" ni kwamba inaenda pande zote mbili, "a lot of friends", "a lot of money", sawa na "some", "any", "no", "enough" na "plenty of". Ukiwa unaongea na huna uhakika neno liko upande gani, kimbilia hizo, zitakufichia siri, mradi tu usiongeze s pasipotakiwa.

Mbili, ile "a" ndogo mbele ya "few" na "little" inageuza hisia nzima. "I have a few friends here" ni mtu ametulia, ana marafiki kadhaa. "I have few friends here" ni mtu analalamika, hawatoshi. "We have a little time" maana yake tulia, muda upo. "We have little time" maana yake kimbia. Ukiisahau hiyo "a" kwenye meseji unaweza kumpa mtu wasiwasi bure.

Tatu, "less" na "fewer". Sheria rasmi ni "fewer people" na "less water", na kwenye mtihani au barua ya kikazi ifuate. Lakini ujue kwamba wenyewe mtaani wanasema "less people" kila siku, na ugomvi wenyewe una umri, mtu wa kwanza anayejulikana kuliandikia hili swala ni Robert Baker, mwandishi aliyechambua matumizi ya Kiingereza, mwaka 1770, na aliliandika kama upendeleo wake tu, baadae ndo likageuzwa amri. Halafu muda, pesa na umbali hata walimu wakali wanakubali "less": "less than 5 minutes", "less than 20 dollars", "less than 10 kilometres", maana hapo huhesabu dakika moja moja, unaona kipande kimoja cha muda.

Hatua ya 4: Linganisha kitenzi na kiwakilishi

Ukishajua neno halihesabiki, kila kitu kinachoizunguka kinakaa umoja. "The information is correct." "This advice was useful." "The furniture is old." "Her hair is long", hata kama kichwa kizima kimejaa. Watu wengi wanapatia mwanzo wa sentensi wanaharibu mwisho: "Thank you for the information, I have read them." Hapana, "I have read it". Na mwanzoni usiandike "these informations" wala "those advices", ni "this information", "that advice".

"News" ina s lakini ni umoja, "The news is bad". "Mathematics" na "physics" hivyohivyo. Upande wa pili "people" na "police" hazina s ila zinachukua kitenzi cha wingi, "The police are here". "Staff" inahusu kundi la wafanyakazi, ukitaka kutaja wachache sema "three members of staff", maana "three staffs" inaweza kueleweka kama fimbo tatu. Nguo na vifaa vya pande mbili, "trousers", "scissors", "glasses" za macho, vinakaa wingi muda wote, "My glasses are on the table", na ukitaka kuhesabu unatumia "a pair of".

Hatua ya 5: Ukitaka kuhesabu kisichohesabika, tafuta kipimo chake

Kuna siku lazima uhesabu tu. Umepewa ushauri mara mbili, umenunua mikate mitatu, unafanyaje? Unaweka kipimo mbele, kipimo ndo kinachukua namba na s, neno lenyewe linabaki lilivyo: "two pieces of advice", "three loaves of bread". Kosa la kawaida hapa ni kuweka s mara mbili, "two pieces of advices".

"A piece of" inabeba mengi sana, "advice", "information", "furniture", "luggage", "equipment", "news", "paper", "music", "cake", kwahiyo ukikwama itumie. Kwenye maongezi "a bit of" nayo inatembea kila mahali, "a bit of help", "a bit of fun". Ila maneno mengi yana kipimo chake maalum ambacho ndo kinafanya Kiingereza chako kisikike cha kweli: "a bar of soap", "a slice of bread", "a sheet of paper", "a tube of toothpaste", "a drop of water", "a grain of rice", "a flash of lightning", "a stroke of luck", "a round of applause", "a word of advice". Haya yakariri kama jozi, usikariri "soap" peke yake.

Hatua ya 6: Maneno yenye sura mbili

Hapa ndo penye utamu, na ndo watu wanapotoa ujumbe usio wao bila kujua. Maneno mengi yana C na U zote mbili kwenye kamusi, ila maana zinatofautiana.

"Paper" bila "a" ni karatasi kama kitu cha kuandikia, "a paper" ni gazeti, au makala ya kitaaluma, au karatasi ya mtihani. Ukimwomba mtu "Can you give me a paper?" ukitaka karatasi tupu, unaweza kupewa gazeti. "Time" ni muda, "How much time?", na "times" ni mara, "How many times?" "Experience" ni uzoefu, "I have a lot of experience", na "experiences" ni mambo yaliyokupata. Hili kwenye barua ya kuomba kazi ni muhimu sana, "I have many experiences in accounting" inasikika kama una visa vya kusimulia, wakati unachotaka kusema ni "I have a lot of experience in accounting".

"Room" inayohesabika ni chumba, isiyohesabika ni nafasi, "Is there room for me?" "Work" ni kazi, "works" ni kazi za msanii au mwandishi. "Glass" ni kioo, "a glass" ni glasi, "glasses" ni miwani au glasi nyingi. "Hair" ni nywele za kichwani, "a hair" ni unywele mmoja, ule unaoukuta kwenye chakula. "Chicken" ni nyama, "a chicken" ni ndege mzima, kwahiyo "I ate a chicken" maana yake ulimmaliza wote, na ni sawa kama ndivyo ilivyokuwa. "Damage" ni uharibifu, "damages" ni fidia ya mahakamani. "Manner" ni namna, "manners" ni adabu.

Vinywaji vina njia yao ya mkato. "Coffee" haihesabiki, ila ukiagiza unasema "two coffees, please", na kila mtu anaelewa ni vikombe viwili. "Water" pia, "two waters" ni chupa au glasi mbili. Ni ya mdomoni zaidi, kwenye maandishi rasmi rudi kwenye "two cups of coffee".

Na kuna vichwa ngumu vichache, maneno yasiyohesabika ambayo yanapokea "a" yakiwa yanaelezea aina fulani: "a good knowledge of English", "a great help", "a good education". Wingi hayana, huwezi kusema "two knowledges". Yapo machache, ukikutana nayo yachukue na sentensi yake nzima.

Hatua ya 7: Beba misemo ya kila siku ikiwa mizima

Kwenye maongezi hakuna muda wa kuanza kufikiria U na C, kwahiyo misemo ya kila siku ikariri mizima na "a" yake au bila "a" yake.

Za kutakiana heri: "Good luck!" bila "a". "Have fun!" bila "a". Lakini "Have a good time", "Have a nice day", "Have a safe journey". Angalia "fun" na "a good time", maana karibu moja, sheria mbili.

Za ugonjwa hazina heshima kabisa: "I have a headache", "I have a cold", "I have a fever", zote na "a", ila "I have malaria", "I have diarrhoea", bila kitu. Kwa "flu" utasikia "the flu" na "flu" tupu, zote sawa.

Za kazi na masomo: "make progress", "do research", "do homework", "do business", bila "a". Ila "make a mistake", "make an effort", "make a decision", "take a break", "have a meeting". Za kuomba: "Can I ask you a favour?", "Could you give me a hand?", "I need some advice". Za shida: "I'm in trouble", "I'm having trouble with my phone", bila "a", ila "I have a problem". Wengi wanasema "I have a trouble", iache hiyo. Na "no problem" inasimama vizuri kwa sababu "no" imeshakaa mbele ya nomino kufanya kazi ya "a".

Ukisikiliza mtu au ukisoma, ukikutana na msemo mpya uandike na maneno yake ya pembeni. Ukiandika "progress = maendeleo" kwenye daftari, kesho utasema "a progress" au "many progresses". Ukiandika "You've made a lot of progress", umepata maana, kiasi na kitenzi kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 8: Jipime

Rekebisha hizi bila kurudi juu, halafu ndo usome majibu: "He gave me many good advices." "I need new phone." "The news are on at eight." "How much times did you call?" "She has a beautiful hairs." "There were less car on the road." "I have a good news for you." "We bought two furnitures."

Majibu. "He gave me a lot of good advice", au ukitaka kuhesabu, "many good pieces of advice", ila ya kwanza ndo watu wanasema. "I need a new phone." "The news is on at eight." "How many times did you call?" "She has beautiful hair", "a" imeondoka na s imeondoka. "There were fewer cars on the road", na ukisema "less cars" kwenye stori hakuna atakayekushika shati, kosa kubwa pale lilikuwa "car" kukosa s. "I have good news for you", au "some good news". "We bought two pieces of furniture", ingawa kama unajua ni nini mmenunua, "a table and a chair" inatosha zaidi.

Ukikosa ya pili au ya saba rudi hatua ya 2 kabla hujagusa nyingine yoyote. Ukikosa ya kwanza, ya tano au ya nane, tatizo ni maneno yenyewe, kwahiyo chukua kamusi uangalie ile herufi.